Glasi Uliyoniinulia kwa Madame

Mapendo wangu,

Ni saa moja ya jioni na jua la Juni bado liko juu ya paa za mtaa wetu wa Anderlecht, halina haraka ya kwenda popote. Umeshuka dukani, halafu utapita kuwaaga rafiki zako wa jengo la pili. Sanduku lako liko mlangoni, nimelifunga mkanda mwekundu ili usilichanganye na la mtu mwingine pale stesheni ya Midi. Nami nimejifungia chumbani na karatasi nilizochana katika daftari lako la zamani la hesabu, kwa sababu kuna jambo ambalo kwa mdomo limenishinda miaka sita. Kesho saa nne asubuhi treni yako inaondoka kwenda Uingereza. Nikishindwa na leo, sijui nitakuambia lini.

Sitakuandikia habari za sweta wala za dawa ya kikohozi. Una miaka ishirini na miwili, na mambo ya karatasi na simu unayajua kuliko mimi. Nataka tuzungumze juu ya kula. Mimi na wewe tunaishi nyumba moja, vyumba viwili na jiko, na tangu ulipokuwa na miaka kumi na sita hatujakaa meza moja tukala pamoja. Wewe unakula ukirudi kutoka shuleni, na siku hizi kutoka kazini, umejifungia chumbani. Mimi nakula baadaye, nimesimama kando ya sinki. Mtu akituuliza tunasema ni saa za kazi. Wote wawili tunajua si saa za kazi.

Kabla hujaondoka nataka tule pamoja, mara moja tu. Hilo ndilo ninalolitaka, na sijui kuliomba. Mwanamke aliyevuka mipaka mitatu na mtoto mgongoni anashindwa kumwambia mtoto huyohuyo, "Njoo tukae." Unaweza kucheka. Mimi mwenyewe ningecheka kama nisingekuwa mimi.

Acha nianzie kwa Madame Hortense. Najua jina lake linakufanya ukunje uso, lakini bila yeye sifiki ninapokwenda. Nilipoanza kazi nyumbani kwake kule Uccle, mtaa wa wenye nacho, ulikuwa na miaka kumi, baba yako alikuwa ameshafariki, na mimi sikuwa na kazi nyingine. Alikuwa mwalimu wa chuo kikuu aliyestaafu. Alizaliwa kwetu Bukavu wakati wa ukoloni, kwa hiyo Kiswahili alikijua, ila Kiswahili chake kilikuwa cha kuamuru tu. Leta. Pika. Funga mulango. Alikuwa amekiokota utotoni jikoni kwa mama yake, akasikia amri, akazibeba amri. Akitaka kushukuru, aligeukia Kifaransa. Mwanzoni iliniudhi, baadaye nikaizoea.

Maisha yake yote alisoma jinsi matajiri wa Uingereza walivyokula zaidi ya miaka mia mbili iliyopita, wakati walipotawaliwa na wafalme wanne waliofuatana, wote wakiitwa George. Wewe sasa umezisomea enzi hizo, una hata cheti chake. Mimi nilizijua kutoka upande wa jiko. Kila Novemba alialika wageni kumi na wawili, akawakalisha na kuwalisha kama ilivyokuwa zamani zile. Majuma mawili kabla, alichora ramani ya meza kwenye karatasi kubwa, na kila sahani ilikuwa na mahali pake. Vyakula vyote vilifika kwa pamoja. Supu upande wa kichwani pa meza, samaki upande wa miguuni, na supu ikiisha inaondolewa, nyama ya kuchoma inakaa mahali pake. Pai ya njiwa ikiwa kulia, lazima kushoto kuwe na pai inayolingana nayo. Mwaka wa kwanza niliweka bata peke yake bila mwenzake, nikarudishwa na bata wangu jikoni.

Siku moja nilimwambia, "Madame, lakini hawa watu walikula kama sisi." Kwa sababu kwetu pia bugali inakaa katikati, sombe ya majani ya muhogo hapa, samaki wadogo wa sambaza pale, vyote kwa pamoja. Unakula kilicho karibu nawe, na kilicho mbali unangoja jirani akusogezee. Wale Waingereza walikuwa hivyohivyo, wenye vito na vitambaa vyao. Madame alicheka, akayaandika maneno yangu katika daftari lake. Nilitembea na fahari wiki nzima. Na ile siku aliposimulia kwamba waheshimiwa wale walikuwa na chungu cha kukojolea ndani ya kabati la vyombo, palepale kwenye chumba cha kulia, ili wanaume wakibaki na divai yao wasihangaike kutoka nje, nilicheka hadi nikashika meza. Wewe ulikuwa kwenye kona ya jiko na kazi zako za shule, ulikuwa na miaka kumi na mitatu, ukacheka mpaka ukapata kwikwi. Wakati huo tulikuwa bado tunacheka pamoja.

Unakumbuka jeli? Kwetu miguu ya ng'ombe ni makongoro, unaichemsha, unatia pilipili, unakula ukitoka jasho. Wao walichemsha miguu ya ndama nusu siku, wakatoa mafuta, wakatia sukari, limau, divai na ute wa mayai, halafu wakaipitisha kwenye mfuko wa flaneli ulioning'inizwa, tone kwa tone, mpaka iwe safi kama kioo. Mara ya kwanza niliukamua mfuko. Nimekulia kwa watu wanaokamua ndizi mbivu kwa majani mpaka tone la mwisho ili wapate pombe ya kasiksi, na mfuko uliojaa vile unadondosha polepole ulinikera. Jeli ikatoka na rangi ya maji ya kuoshea vyombo. Madame alikuja akaitazama. "Hapana kamua," akasema. "Ngoja." Mimi sikujifunza kungoja. Wewe ndiye uliyejifunza. Ulivuta kiti ukakaa mbele ya mfuko ule na kitabu chako, na jeli yako mtu angeweza kusomea barua kupitia ndani yake.

Sasa naufikia usiku ule wa Novemba, ulipokuwa na miaka kumi na sita.

Mgeni mmoja aliugua mafua siku yenyewe. Meza ya Madame haikuweza kuwa na watu kumi na mmoja, ramani yote ingeharibika, upande mmoja ungekuwa na pengo. Akakuangalia ukiwa unamenya viazi, akasema, "Mapendo atakaa." Ulikimbia kubadilisha nguo, ukavaa gauni lako la kanisani la rangi ya samawati ambalo kwa bahati lilikuwa limetoka kwa dobi na lilikuwa kwenye mfuko wangu. Nilikufunga zipu mgongoni. Ulikuwa unatetemeka kwa furaha, na mimi nilikuwa naogopa tu usije ukamwaga kitu. Umri wako kwa sheria za hapa ulitosha kwa glasi ya divai, na Madame alikujazia mwenyewe.

Desturi ya divai hukuijua kwa mara ya kwanza usiku ule, ulikuwa umeshaisikia jikoni miaka mingi. Kwenye meza zile hakuna mtu aliyekunywa peke yake. Ukitaka kunywa, unamwita mtu kwa jina, unamwomba mnywe pamoja. Naye anajaza glasi yake, mnatazamana, mnainamisha vichwa, mnakunywa. Aliyeitwa hakatai. Kukataa ni tusi, ni kumwambia mwenzako mbele ya watu kwamba hamfahamiani. Wageni wa Madame waliupenda mchezo huu kuliko chakula. Waliitana huku na huku, mzee akamwita mkwewe, jirani akamwita jirani. Wewe ulikaa na glasi yako imejaa, unangoja. Ndipo Madame akasema, "Na wewe, Mapendo, unaita nani?"

Uligeuka kwenye kiti. Ukageuka mzima, ukaipa meza mgongo, ukaninyanyulia glasi mimi niliyesimama penye kabati na bakuli la mbaazi mkononi. Ukasema kwa sauti ya mtu mzima, "Maman, ninaomba tukunywe wote mbili."

Mpaka leo naisikia sauti ile. Na mpaka leo nasikia niliyoyasema mimi.

"Mapendo, acha mambo yako. Miye niko ku kazi."

Meza ilicheka, si kwa ubaya. Madame naye akacheka, akakuambia kwa Kifaransa kwamba hapana, kipenzi, watumishi hawahesabiwi, chagua mwingine. Na mimi, mwanangu, nikatikisa kichwa kukubali. Hakuna aliyeniuliza. Hakuna hata aliyekuwa ananitazama, isipokuwa wewe. Nilitikisa kichwa kama mtu anayesema, ndiyo, ni kweli, sihesabiwi, msikilize Madame.

Hukuchagua mwingine. Padri mmoja mstaafu, mwenye ndevu nyeupe, aliona haya kwa ajili yako, akakuita wewe mnywe naye. Ulimjibu kwa adabu, "Merci, mon père, nilishaita muntu." Ukaiweka glasi yako chini, na ilibaki imejaa mpaka mwisho, wakati kitambaa cha meza kilipoondolewa na matunda yakaletwa. Mimi ndiye niliyeiondoa glasi ile. Niliibeba jikoni, nikaimwaga ndani ya sinki, nikaosha.

Ndani ya tramu tulipita vituo vitatu. Kisha ukasema, ukiangalia dirishani:

"Maman, ulikubali na kichwa."

"Ulitaka niseme nini? Ni patronne yangu, ndiye ananilipa."

"Sikuulize juu yake. Nauliza juu yako."

Nikakuambia ukae vizuri, gauni linakunjamana. Kesho yake jioni ulichukua sahani yako ukaenda nayo chumbani. Nikasema moyoni, ni hasira za ujana, zitapita baada ya juma. Uccle hukurudi tena.

Hapo nikafanya kosa la pili, na hili nililifanya kila jioni kwa miezi. Nilisimama mlangoni kwako nikisema, "Sema basi. Una nini? Sema." Niligonga. Nililia kwa sauti ili usikie. Nilimwita mama mkubwa wa kanisani aje aseme nawe, halafu tonton, yule mzee jirani wa pale chini. Nilikukamua, Mapendo. Kila nilipokukamua ulizidi kufunga. Ningekaa tu chumbani kwangu na mlango wangu wazi, labda ungetoka mwenyewe. Lakini nani angeniambia, na ningemsikiliza nani?

Nataka ujue nilikojifunzia kusimama. Si kwa ajili ya kujitetea, maana sina utetezi. Mama yangu, bibi yako usiyemjua, aliwapikia mapadri pale Bukavu, na nyumbani akatupikia sisi na kila mgeni aliyepita. Sikuwahi kumwona amekaa wakati watu wanakula. Alisimama mlangoni na kitambaa begani, macho yakienda kutoka sahani hadi sahani. Nilipokuwa na miaka minane hivi nilimvuta kitenge akae, nikamwambia, "Maman, ikala." Akainama akaninong'oneza, "Nikiikala, bageni batazani chakula imeisha." Nilimwona mkubwa kuliko watu wote waliokaa. Nikaamua na mimi nitakuwa hivyo, mwanamke ambaye chakula chake hakiishi, mwanamke asiyekaa.

Alipofariki tulikaa wadogo zangu na mimi tukimkumbuka. Mmoja akauliza, hivi maman alipenda kula nini? Tukatazamana. Wanawe sita, na hakuna aliyejua. Hatukuwahi kuiona sahani yake. Na mimi juzi nilikuwa napanga nguo zako nikajiuliza, Mapendo akiulizwa kule aendako, mama yako anapenda chakula gani, atasema nini? Nilikaa juu ya kitanda chako nikalia. Napenda sambaza za kukaanga zikiwa bado zinalia kwenye mafuta, na ndimu nyingi. Sasa unajua.

Kosa la tatu ulilishuhudia, lakini sijui kama ulijua kwamba na mimi niliona. Siku ya sherehe yako ya kumaliza shule ya hoteli, tulikodi ukumbi wa parokia kule Laeken. Nilipika siku mbili. Watu walijaa, nami nikazunguka na sinia, baba huyu ana nyama, mama yule hajapata samaki. Wewe ulikuwa meza ya mbele, na kwenye kiti cha kando yako uliweka mkoba wako. Mtu alikuja kutaka kukaa, ukamwambia hapana, kuna mwenyewe. Akaja mwingine, ukamwambia hivyohivyo. Nilijua ni nani mwenyewe. Nilipita mbele yako mara nne na sinia, na kila mara nikasema, "Nakuya, nakuya." Ilipofika saa ya keki, ulitoa mkoba ukaushika mapajani, na kiti akakikalia shangazi wa mtu. Nilikuwa na nafasi ya hatua tatu tu kufika pale. Miguu yangu haikujua njia.

Kisha ikaja Machi hii na barua yako ya kazi. Nyumba ya kale kule magharibi ya Uingereza, ya enzi zilezile za akina George, ambayo watu wanaitembelea waone matajiri walivyoishi, na wewe utapika kwenye jiko lake la kuni mbele ya macho yao, kuku kwenye mshikaki mrefu wa chuma, pai, jeli. Mtu mwingine angepiga vigelegele. Mimi niliendelea kuchambua mboga, halafu nikasema neno ambalo ningetoa jino nilirudishe: "Bon, unaenda kuwa boyi ya bantu benye bashakufa." Boyi. Neno ambalo wazungu walimwita babu yangu, mtumishi wao, akiwa na wajukuu.

Hukupaza sauti. Ulisema, "Kule, maman, bageni banaingia mu jikoni. Banakuya kumuona mupishi. Habakuye kuona meza." Ukaingia chumbani kwako, ukafunga mlango taratibu, na utaratibu ule uliniuma kuliko kishindo.

Nimeligeuza neno lako miezi mitatu sasa. Nilidhani umeichagua kazi hii kwa kumpenda Madame, na nilimwonea wivu hata akiwa kaburini. Kumbe siku zote ulikuwa unalitafuta jiko ambalo mpishi wake anahesabiwa. Sina uhakika kama nimeelewa vizuri. Kama nimekosea, utanisahihisha siku utakayotaka.

Kuna moja bado, na ndiyo nilikuwa naizunguka tangu ukurasa wa kwanza. Miaka miwili iliyopita, Madame alipopooza upande mmoja na kupelekwa nyumba ya wazee, nilikuambia kwamba kila Alhamisi niko kwenye mazoezi ya kwaya. Sikuwa kwaya. Nilikwenda kumlisha. Wauguzi walikuwa wachache na yeye alikula polepole, chakula kikapoa kikaondolewa. Mara ya kwanza nilisimama kando ya kitanda na bakuli la wali wa maziwa na kijiko. Aliniangalia na lile jicho moja zima. Kifaransa chote kilikuwa kimempotea, daktari alisema hutokea. Kilichobaki ni Kiswahili cha utotoni. Akasema:

"Ikala."

Nikamwambia niko sawa, Madame, nimezoea.

"Ikala. Kula na miye."

Ilikuwa amri, kama zote. Nikakaa. Nikachukua kijiko cha pili, tukala bakuli moja, yeye kijiko kimoja, mimi kimoja, yeye, mimi. Tulifanya hivyo Alhamisi sita mpaka alipofariki. Hakuniomba msamaha kwa lolote, na sidhani alikumbuka usiku ule wa glasi. Mimi sikumkumbusha. Wali ulikuwa mtamu, ulikuwa na mdalasini. Alhamisi ya mwisho nilirudi na tramu nikilia mpaka mwanamke mmoja akanipa leso, kwa sababu nilikuwa nimeona kitu ambacho kabla ya hapo nilikataa kukiona. Nilikaa kula na yule aliyesema sihesabiwi, kwa kuwa aliniamuru. Na yule aliyeninyanyulia glasi mbele ya watu wote, akakaa na kiu mpaka mwisho kwa ajili yangu, yule aliyeniomba kwa adabu, sijawahi kukaa naye. Mimi ni mtu wa kutii, Mapendo. Ukiniomba sijui la kufanya. Naona haya kuandika hivi, lakini ndivyo nilivyo.

Barua za wazazi huwa na mawaidha, nami nimeyatafuta tangu nianze. Yangu ni machache na hata hayo sina uhakika nayo. Ukichoka kule jikoni, kaa, hata kama wageni wanakutazama. Chakula hakitaisha kwa sababu umekaa. Na mtu akiikataa glasi yako, mwite mwingine. Usibaki na kiu usiku mzima kwa ajili ya mkaidi mmoja, hata akiwa ni mama yako. Hilo nasema dhidi yangu mwenyewe, kwa maana katika moyo wangu mbaya nafurahi kwamba usiku ule hukumwita mwingine.

Jingine sijui. Sijui kama utanisamehe, na sijui kama ni haki yangu kukuomba unisamehe ukiwa na tiketi mkononi. Nilikuwa na miaka sita ya jioni, jioni zote zile, na nimeamka imebaki moja. Hapa nasema wazi, naogopa. Naogopa nyumba hii kesho kutwa. Naogopa utakula vizuri kule na watu wanaojua kukaa, na utagundua kwamba si jambo gumu, halafu utanishangaa.

Umerudi. Nimesikia ufunguo, na mifuko ikiwekwa chini. Nilikuwa nimefika mahali pa kuikunja barua hii niitie ndani ya sanduku lako, chini ya viatu, uikute ukiwa umefika. Sasa unapika. Nasikia mafuta, nasikia kisu kwenye kibao, unakata haraka kuliko nilivyokufundisha. Harufu imeingia chini ya mlango na ni ya samaki wadogo. Ulikwenda mpaka Matonge, kwenye maduka ya watu wa kwetu, kuwatafuta, ndiyo maana ulichelewa. Kumbe unajua. Hukungoja barua yangu, ulikuwa unajua muda wote ninachopenda.

Umegonga mlango sasa hivi. Ukasema, "Maman, chakula iko tayari. Unakuya tukule, ama nikuwekee?"

Miaka sita hujaniuliza hivyo. Miaka sita umekuwa ukisema tu, "Nimekuwekea." Na mimi, na kalamu hii mkononi, na kurasa hizi zote zimejaa juu ya magoti yangu, nimefungua mdomo nikasema:

"Niwekee tu, nakuya."

Nakuandikia kama ilivyotokea, sifichi. Umesimama kidogo nyuma ya mlango. Nimekiona kivuli cha miguu yako pale chini. Kisha umerudi jikoni, taratibu, kama ulivyozoea. Nimesikia kiti kimoja kikivutwa. Sasa kabati linafunguliwa, unatafuta sahani ya kufunikia yangu.

Mapendo, usifunike.